Kifua kinachoma upande wa kushoto nikiwa na miaka 24: ni moyo?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 24, nasoma chuo hapa Dodoma. Ni wiki ya tatu sasa kifua kinanichoma upande wa kushoto, kama mtu ananidunga sindano. Maumivu yanakuja yanaondoka. Nikivuta pumzi ndefu au nikijigeuza kitandani yanazidi. Siku nyingine nasikia moto katikati ya kifua, hasa usiku, na moyo unadunda mpaka nausikia kwenye mto. Hospitali niliyokwenda walinipima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, wakasema iko sawa, nikapewa dawa za UTI na za vidonda vya tumbo, lakini bado. Miezi miwili iliyopita jamaa yetu wa mtaani alianguka uwanjani tukicheza mpira, akafariki palepale. Tangu hapo silali vizuri. Sivuti sigara. Nimeanza gym mwezi uliopita, na kipindi hiki cha mitihani nakunywa sana vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Je, ni moyo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa maumivu, na pole zaidi kwa msiba. Kumwona mwenzako akianguka na asiamke ni jambo zito, na nitalizungumzia huko mbele kwa sababu lina sehemu yake katika hiki unachokisikia.

Kwa maelezo yako, sidhani kama ni moyo. Nasema sidhani kwa kuwa sijakugusa wala sijakusikiliza kifua, na hakuna daktari anayeweza kuapa kwa maandishi. Ninachokiona ni mambo matatu yaliyokukuta kwa wakati mmoja: ukuta wa kifua uliotoneshwa na mazoezi, asidi inayopanda kutoka tumboni, na hofu. Hakuna kati ya hayo linaloua, lakini yote yanauma kwelikweli, na yakikutana mtu anaamini kabisa kwamba siku zake zimekwisha.

Kabla sijaendelea, shika hili kwanza. Ukipata maumivu ya kubana au kukandamiza katikati ya kifua yasiyoachia kwa zaidi ya dakika 10, hasa yakisambaa kwenda taya, shingo, bega au mkono, pamoja na kijasho chembamba, kichefuchefu au kukosa pumzi, nenda hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyohiyo. Vivyo hivyo ukizimia, hasa katikati ya mazoezi. Ukibanwa pumzi ghafla hata huwezi kumaliza sentensi, ukikohoa damu, mguu mmoja ukivimba na kuuma kisha kifua nacho kikaanza, au maumivu yakikupasua ghafla kuelekea mgongoni, usisubiri kukuche. Usijiendeshe mwenyewe, wala usipande bodaboda peke yako. Mtu akupeleke kwa teksi au bajaji. Kama dalili ni zile za kubanwa na kijasho, huna mzio wa aspirini na hujawahi kutapika damu, tafuna aspirini ya miligramu 300 mkiwa njiani.

Katika yote uliyoniandikia, sijaona hata moja kati ya dalili hizo. Ndiyo maana tunaweza kuzungumza kwa utulivu.

Watu wengi wakisikia maumivu upande wa kushoto hukimbilia kusema moyo. Upande pekee hautuambii mengi. Moyo umekaa karibu na katikati ya kifua, umeegemea kushoto kidogo tu, na maumivu yake hayana tabia ya kukaa mahali pamoja padogo. Mgonjwa wa moyo nikimwuliza panauma wapi, mara nyingi huweka kiganja kizima au ngumi katikati ya kifua. Mwenye maumivu ya ukuta wa kifua hunyoosha kidole kimoja na kuniambia, hapa. Maumivu ya moyo huamshwa na kazi: kupanda ngazi, kubeba mzigo, kukimbilia daladala, na ukipumzika dakika chache hutulia. Ya kwako yanaamshwa na pumzi ndefu na kujigeuza. Hiyo ni tabia ya kitu kinachovutwa au kusuguliwa kifua kinaponyumbuka: misuli, mbavu, magegedu (ile mifupa laini), au utando unaozunguka mapafu na moyo.

Sasa fanya jambo moja. Kaa wima, tumia ncha za vidole viwili, bonyeza taratibu pembeni mwa mfupa wa kidari, upande wa kushoto, ukishuka kutoka chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele unaoelekea begani, hadi usawa wa chuchu. Pale mbavu zinapokutana na kidari kuna magegedu, na yakivimba huuma ukiyabonyeza. Ukifika mahali ukaruka na kusema "ndiyo haya haya!", umepata mtuhumiwa wa kwanza. Ubavu wa pili hadi wa tano ndiyo inayopata shida hii zaidi. Mtu aliyeanza gym mwezi uliopita, akasukuma vyuma akiwa amelala chali na kupiga pushapu kila jioni bila kupanda taratibu, ni mtu ninayetegemea kumkuta nayo. Hupatikana pia kwa aliyekohoa sana, aliyebeba magunia, aliyehama nyumba na kunyanyua kabati peke yake.

Lakini elewa mpaka wa jaribio hili. Kuuma ukibonyezwa kunaelekeza kwenye ukuta wa kifua, hakufuti kila kitu kingine. Kama mtu ana dalili za hatari nilizozitaja na pia kifua kinauma akibonyeza, anakwenda hospitali vilevile.

Dawa yake ni subira zaidi kuliko vidonge. Acha mazoezi ya kifua kwa wiki kama nne. Miguu na kutembea endelea. Kanda kwa kitambaa cha uvuguvugu. Parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 au 8, usizidishe vidonge 8 kwa saa 24, na usiifanye desturi ya kila siku. Wengi hapa hukimbilia ibuprofeni au diklofenaki za kumeza, na kwa mtu mwingine ningezikubali kwa siku chache. Kwako hapana, kwa sababu una huo moto wa usiku, na dawa hizo huchokonoa tumbo na umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Diklofenaki ya kupaka inakufaa zaidi. Tegemea wiki kadhaa, wakati mwingine miezi miwili au mitatu, na yatakuwa yakipungua kwa kupanda na kushuka. Siku yakirudi kidogo baada ya kunyanyua ndoo ya maji si dalili kwamba umerudi mwanzo.

Kuna ndugu yake ambaye vijana wengi wanaye na hawajui: mchomo mkali wa ghafla upande wa kushoto, mara nyingi ukiwa umekaa umejikunja juu ya simu au kitabu, unaokufanya ushike pumzi usithubutu kuivuta. Unadumu sekunde chache hadi dakika chache, kisha unapotea kama haukuwahi kuwepo. Hauna madhara yoyote. Huanza utotoni au ujanani na kwa wengi huisha wenyewe kadiri miaka inavyosogea. Ukijinyoosha na kuvuta pumzi moja ndefu hata kama inauma, mara nyingi unaachia.

Tuje kwenye moto wa katikati ya kifua. Hapo nakubaliana nusu na waliokutibu. Si lazima uwe na vidonda. Jina hilo limebebeshwa kila kinachouma kati ya koo na kitovu. Ninavyoona ni kiungulia, yaani asidi ya tumbo inayopanda kwenye umio, na umio unapita nyuma ya moyo kabisa, ndiyo maana unapoungua mtu huhisi ni moyo. Niambie kama nakosea: unasoma hadi saa tano usiku, unashuka kununua chipsi mayai na pilipili, unakula, unapitisha na kinywaji chako cha kuongeza nguvu, unalala. Tumbo likiwa limejaa mafuta na umelala chali, asidi haina cha kuizuia.

Kama umepewa omeprazoli, angalia unavyoimeza. Watu huimeza wakisikia maumivu, kama wanavyomeza parasetamoli, kisha wanasema haifanyi kazi. Inatakiwa kila siku, nusu saa kabla ya kula, kwa wiki nne hivi, ndipo uihukumu. Maliza kula muda wa saa tatu kabla hujalala. Inua kichwa cha kitanda kwa matofali chini ya miguu ya kitanda, maana mito peke yake inakunja tumbo na kuongeza shida. Kama baada ya hapo bado, omba kipimo cha bakteria wa tumbo kwa kinyesi. Utatakiwa uwe umeacha omeprazoli wiki mbili kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna kumbe unao. Ukiona chakula kinakwama ukimeza, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami au ukipungua uzito bila sababu, hiyo ni habari nyingine na inataka uchunguzi wa haraka.

Na hizo dawa za UTI. Mwanaume wa miaka 24 asiyesikia maumivu akikojoa, asiyetokwa na usaha, asiyekwenda haja ndogo kila mara, ni nadra kuwa na UTI, na UTI haichomi kifua. Inaniuma kuona vijana wanaingia na kifua wanatoka na antibaiotiki. Usirudie dozi nyingine bila mkojo kuoteshwa maabara. Tena angalia jina la dawa uliyopewa. Ikiwa ni doksisaiklini, nayo yenyewe inaweza kuwa ndiyo imewasha moto: kidonge chake kikimezwa na funda moja la maji kisha mtu akalala, hukwama kwenye umio na kuuchoma, na maumivu yake ni makali, hasa ukimeza mate au chakula. Nimewaona wengi kwa kisa hiki. Doksisaiklini humezwa na glasi nzima ya maji, na unakaa au kusimama nusu saa kabla ya kulala.

Sasa hofu. Nataka usome sehemu hii polepole. Kusema hofu ina sehemu katika maumivu yako hakumaanishi unajifanya, wala kwamba umelegea, wala kwamba ni mambo ya kichwani tu. Mwili ulioshtuka humwaga homoni zinazokimbiza moyo na kukaza misuli ya kifua. Pumzi inakuwa fupi na ya haraka, hewa ya kaboni kwenye damu inapungua, vidole na midomo vinafanya ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, kifua kinabana. Mtu akisikia hivyo anawaza kifo, na wazo hilo linamwaga homoni nyingine. Wimbi la namna hii hupanda na kufikia kilele ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka. Linaweza kuja usingizini.

Juu ya hofu hiyo wewe unamwagia kafeini. Kopo dogo la mililita 250 la vinywaji hivyo huwa na takribani miligramu 80 za kafeini, sawa na kikombe cha kahawa. Makopo makubwa na chupa zina zaidi. Mtu mzima mwenye afya hashauriwi kuzidisha miligramu 400 kwa siku, na hiyo ni kwa mtu anayelala. Ukinywa matatu au manne usiku wa mtihani, usingizi ukiwa wa saa tatu, moyo lazima uusikie kwenye mto. Acha kabisa kwa wiki tatu. Punguza ndani ya siku tatu nne, maana ukikata ghafla kichwa kitauma. Wanaotafuna miraa ili wakeshe nao wasikie hapa: miraa inapandisha presha na mapigo, inaweza kubana mishipa ya moyo, na imehusishwa na mshtuko wa moyo hata kwa watu wasio wazee. Kokeini ni mbaya zaidi mara nyingi, na bangi si salama kwa moyo kama vijiweni wanavyoambiana.

Wimbi likikujia, kaa, legeza mabega, vuta pumzi kwa hesabu ya nne kupitia puani, itoe kwa hesabu ya sita kupitia mdomoni, dakika tano. Usipumulie kwenye mfuko wa plastiki kama wengine wanavyofundishana. Na tafuta mtu wa kuzungumza naye kuhusu yule mwenzenu: mshauri wa wanafunzi chuoni, kiongozi wako wa dini, mama yako. Mmekuwa mkibeba kifo kile kila mtu kivyake, nina hakika.

Kuhusu kifo chenyewe, siwezi kusema yule mwenzenu alikufa kwa nini. Pengine hakuna aliyechunguza. Lakini najua kinachowaangusha vijana chini ya miaka 35 viwanjani. Mara nyingi ni maradhi ya moyo ya kurithi au ya kuzaliwa nayo: misuli ya moyo iliyonenepa kupita kiasi, umeme wa moyo wenye hitilafu, mshipa wa moyo uliotokea mahali pasipo pake, na wakati mwingine moyo uliovimba kutokana na virusi vya mafua ambavyo mtu alivipuuza akaenda kucheza akiwa na homa. Mashabiki wa mpira mnamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka Lyon tarehe 26 Juni 2003 kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Uchunguzi wa mwili wake ulionyesha moyo wenye misuli iliyonenepa. Na mnamkumbuka Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeanguka London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na yuko hai, kwa sababu watu walianza kumkandamiza kifua palepale uwanjani na hawakuacha.

Maradhi hayo mara nyingi hayatoi maumivu ya sindano wiki tatu kabla. Yakitoa ishara, ni kuzimia wakati wa mazoezi, kubanwa kifua ukikimbia, moyo kwenda mbio bila mpangilio ukiwa mazoezini, au historia ya ndugu wa damu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50. Hata ajali ya kuzama majini isiyoelezeka kwa mtu aliyejua kuogelea huhesabiwa humo. Kama hujawahi kuzimia, unakimbia bila kubanwa, na hakuna kifo cha aina hiyo kwenu, msiba wa rafiki haukuongezei hatari hata kidogo. Hamkuwa ndugu wa damu.

Ndugu zake wa damu ndio ninaowafikiria. Wadogo zake, kaka na dada zake, wazazi, na watoto kama alikuwa nao, wanatakiwa kupimwa ECG na eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Eko inafanyika katika hospitali za rufaa na za kanda, ikiwemo Benjamin Mkapa hapo Dodoma, na kwa yanayohitaji ubingwa zaidi kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Dar es Salaam. Tafadhali wewe uwe wa kuwaambia familia. Najua ni ngumu kumwendea mama aliyefiwa na habari ya vipimo, lakini anaweza kuwa na mtoto mwingine mwenye tatizo lilelile. Nenda na mtu mzima wa mtaani anayeheshimika, msubiri wakati mzuri, semeni taratibu.

Na ninyi wachezaji, jifunzeni kukandamiza kifua. Akianguka mtu, haitiki, hapumui kawaida: mlaze chali, mtu mmoja apige simu na kutafuta gari, mwingine aweke viganja viwili katikati ya kifua, mikono imenyooka, akandamize kwa nguvu kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpokezane mkichoka. Msimmwagie maji, msimtie kijiko mdomoni, msimzunguke mkamnyima hewa. Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza. Ombeni waje kwenye timu yenu.

Bado kuna mapafu, na hapa ndipo ninapotaka kipimo kimoja ambacho hukufanyiwa. Kichomi cha nimonia huja na homa, kikohozi na uchovu, na wewe hukuvitaja. Lakini kifua kikuu kinaweza kuanza kwenye utando wa pafu kwa kijana, kikaleta maumivu ya pumzi kabla kikohozi hakijajitokeza vizuri. Unaishi bwenini au chumba cha kupanga na wenzako, wiki tatu zimepita. Kama una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho linalolowesha shuka, homa za jioni, au suruali zimeanza kukupwaya, peleka makohozi yako. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure nchini, na matibabu ya kawaida ni miezi sita. Hata bila dalili hizo, ningekupiga eksirei ya kifua mara moja.

Eksirei hiyo itanionyesha pia kama pafu limesinyaa. Hilo huwapata zaidi vijana wa kiume warefu na wembamba, hasa wavutaji: maumivu ya ghafla upande mmoja, pumzi inakuwa fupi, na mara nyingi mtu anakumbuka hata alikuwa akifanya nini dakika ile. Kama una umbo hilo, mwambie daktari.

Utando wa moyo nao huvimba, mara nyingi baada ya mafua. Maumivu yake yanachoma kwa pumzi kama yako, lakini yana alama yake: ukilala chali yanazidi, ukikaa na kuinamia mbele yanapungua. Jaribu usiku wa leo. Ikiwa ndivyo, usikae nyumbani na jibu la ECG ya wiki zilizopita; unahitaji ECG mpya na eko. Katika nchi zetu kifua kikuu husababisha maji kujaa kwenye utando huo, zaidi kwa wenye VVU, na maji yakizidi moyo unashindwa kupanuka.

Kwa kina dada wanaosoma jibu hili, kuna mambo ambayo kwa kijana huyu sikuyaweka mbele. Bonge la damu linaloziba mshipa wa pafu hutokea zaidi wakati wa ujauzito na wiki za baada ya kujifungua, baada ya upasuaji au kuvunjika mguu, na kwa baadhi ya wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Mzazi mpya anayebanwa pumzi asiambiwe ni uchovu wa kulea. Vilevile, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kujifungua, misuli ya moyo inaweza kulegea. Miguu inavimba, usiku analala kwa mito mitatu. Hapo anahitaji eko.

Mwenye selimundu (sikoseli) akiumwa kifua na homa au pumzi kuwa fupi, asitulizwe na dawa za maumivu nyumbani. Hali hiyo huua haraka, na hospitali ina oksijeni, antibaiotiki na damu ya kumwongezea.

Aliyekuwa na mafindofindo ya mara kwa mara utotoni, kisha viungo vikavimba vikihama goti hadi goti, anaweza kubaki na valvu za moyo zilizoharibika, na hugundulika ujanani kwa kukosa pumzi zaidi kuliko maumivu. Akigundulika, sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne haiachwi hata akijisikia mzima. Na maumivu ya kuwaka kwenye mstari mmoja wa ubavu, ngozi ikiguswa na nguo tu inauma, yasubiri siku mbili tatu uone kama vipele vinatokea: huo ni mkanda wa jeshi, dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee, na kwa kijana ni sababu ya kupima VVU.

Sijasahau mshtuko wa moyo wenyewe. Kwa miaka 24 ni nadra, lakini upo, na huchagua wenye sababu: sigara, kisukari, presha isiyotibiwa, VVU, kokeini, au lehemu (kolesteroli) ya juu ya kurithi. Baba au kaka aliyepata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65, ni habari ambayo daktari lazima aijue. ECG yako moja ilikuwa sawa, vizuri. Niambie tu, ilipigwa ukiwa na maumivu au yalishatulia? ECG safi wakati wa maumivu ina uzito zaidi. Na pale moyo unaposhukiwa kwelikweli, ECG hurudiwa na damu hupimwa troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia, mara nyingi zaidi ya mara moja ndani ya saa chache.

Wiki hii fanya hivi: rudi hospitali mchana, usisubiri usiku ambapo kuna msongamano. Omba presha, mapigo na oksijeni vipimwe, usikilizwe kifua, na upigwe eksirei. Omba ECG nyingine ikiwezekana maumivu yakiwepo. Vipimo vya damu ninavyovitaka ni picha kamili ya damu na sukari, pamoja na VVU kama hujapima mwaka huu. Eko sikulazimishi, ila ukionekana na mlio usio wa kawaida kwenye moyo, ukiwa na kifo cha ghafla kwenye ukoo, au maumivu yakitulia ukiinamia mbele, usiondoke bila kupangiwa.

Andika kwenye karatasi kabla ya kwenda, kwa sababu chumba cha daktari kina haraka: yalianza lini na ulikuwa ukifanya nini, panauma wapi kwa kidole kimoja au kwa kiganja, yanadumu muda gani, yanaamshwa na nini na kutulizwa na nini, dawa zote ulizomeza tangu siku ya kwanza pamoja na majina yake, makopo mangapi kwa siku, na nani kwenu amewahi kuugua moyo. Mpe karatasi hiyo mkononi. Hadi eksirei isomwe usinyanyue vyuma, na usiingie uwanjani. Kutembea kawaida hakuna shida. Ikitoka safi, na ukawa hujawahi kuzimia, rudi kwenye mpira kwanza kwa dakika ishirini za mbio nyepesi. Ukibanwa ukiwa unakimbia, simama, na siku hiyohiyo nenda hospitali.